Kontena Lisilo na Mwenyewe

Chumba cha seva kilinuka maziwa. Ilikuwa asubuhi kweupe, tena mahali ambapo hata kikombe cha chai hakiruhusiwi kuingia. Fundi wa mifumo ya hospitali, ambaye wenzake walimtania kwa kumwita Mama Kijacho kwa ile mimba yake ya miezi saba, alinusa kanga yake kwanza, akidhani ni maziwa yake yamevuja. Siyo yeye.

Akafungua kompyuta. Kila programu, ya maabara, ya dawa, ya wodi, ilikaa ndani ya kontena lake, kama kisanduku cha kidijitali; moja likifa, mtambo unaoyasimamia huinua jingine papo hapo. Leo palikuwa na la ziada, halina jina wala mwenyewe.

Akalifuta. Mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza tangu alfajiri, akatulia tuli. Kontena likarudi lenyewe, mtoto akapiga teke.

Akataka kuhakikisha. Akalifuta tena, na safari hii mtambo ulichelewa kuliinua, na katika kule kuchelewa tumbo likawa zito na baridi kama mtungi, feni zikafifia, harufu ya maziwa ikamjaa puani, na nyuma ya kabati la seva kitu kikavuta pumzi kwa shida, kama kichanga, mpaka kontena liliposimama na mtoto akageuka. Hakuthubutu kuligusa tena.

Alimkimbilia mkuu wake. Kwa miezi walikuwa wakibishana: waendeshe mtambo wenyewe, au wamkabidhi muuzaji wa huduma za kompyuta auendeshe kwake. Yeye ndiye aliyempigania muuzaji.

"Mzee, tubaki nao wenyewe," alinong'ona. "Nakuomba."

"Wewe tena? Si ulisema unakutoa roho?"

"Wao wakihamisha, hufuta kila wasichokijua. Humo kuna jini, mzee. Limejifunga na mwanangu. Likifa, naye anatulia. Niachie nililee mimi."

Mkuu alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, umechoka. Nilishasaini jana, nikupunguzie mzigo kabla hujajifungua. Wanahamisha sasa hivi."

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mtu wa muuzaji, mchangamfu kupita kiasi.

"Dada, tumemaliza! Kulikuwa na takataka moja, king'ang'anizi kweli, kila tukiifuta inarudi. Tumeing'oa na mizizi."

"Irudisheni! Irudisheni, kaka yangu!"

"Irudi kutoka wapi, dada? Haipo tena."

Alirudi chumba cha seva akiyumba. Harufu ilikuwa imekwisha. Akakaa sakafuni, mikono yote miwili tumboni, akaomba teke moja tu.

Feni zilivuma vizuri. Akaendelea kungoja.