Lebo Namba Kumi na Saba

Duka la kutoa kopi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Fundi wa mashati, ndani ya gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, alichukua karatasi zake, akageuka na kukumbana uso kwa uso na tai nyekundu.

"Dada, hizo zangu," alisema mwenye tai.

"Zako wapi, kaka? Kiingereza, darasa la jioni, somo la tisa. Zangu hizi!"

"Basi tunasoma somo moja."

Somo la tisa lilihusu maneno ya kukisema kitu kisichovutia: so-so, average, mediocre, nothing special. Mwanamume yule alikuwa mkaguzi wa kiwanda cha nguo, na kila shati alilokagua alilibandika lebo yenye neno lake kwa Kiingereza. Alikuwa amechoka kubahatisha.

Wiki mbili hazikuisha, simu zikaanza.

"Chai ya kantini leo?" aliuliza fundi.

"So-so. Inanyweka tu. Na tai yangu, mpenzi?"

"Mediocre! Hiyo tumwachie Mungu."

"Haya, we cheka tu."

"Na mimi je?"

"Wewe sikukagui," alijibu, na fundi akacheka mpaka sindano ikamponyoka.

Kitu kimoja fundi hakumwambia mkaguzi. Kiwanda kilikuwa kinatafuta fundi mkuu, naye, baada ya miaka kumi na mmoja ya kushonea kwenye korido ya dada yake, alikuwa amepeleka shati la majaribio. Mashati yalipokelewa kwa namba, bila majina. Hakutaka watu waseme amebebwa.

Ijumaa shati lake, namba kumi na saba, likarudi. Kwenye lebo, kwa mwandiko uliolala kama nyasi zilizokanyagwa, mwandiko alioujua vizuri, palikuwa na maneno mawili: nothing special, hakuna cha pekee.

Hakupokea simu siku hiyo, wala Jumamosi.

"Mdogo wangu, simu inalia mpaka inatia huruma," alisema dada yake.

"Iache ilie."

Alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Mwishoni alipiga magoti kando ya cherehani. "Ee Mungu, niondolee hasira hii. Au nionyeshe mahali aliponionea."

Alipoinuka, alilipeleka shati dirishani kwenye mwanga. Mshono ulikuwa safi. Lakini ncha moja ya kola ilizidi ile nyingine kwa upana wa punje ya mchele. Alikumbuka siku aliyoishona: simu ameibana begani, anacheka.

Jumatatu mchana mkaguzi alitokea kwenye korido, tai imepinda, bahasha mkononi.

"Nimelijua jina leo tu, walipofungua daftari la namba," alisema. "Nilikaa na shati lako nusu saa. Mediocre ingesema hujui kazi, na unaijua. Average ingekuweka na wengine, na mkono wako si wa wengine. So-so ni ya chai. Niliona fundi hodari ambaye siku ile moyo wake haukuwepo."

"Ulikuwa kwenye simu," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Ungekuja kulifuta neno lile, ningekufukuza."

"Sifuti. Ila unaruhusiwa kupeleka shati la pili ndani ya siku saba, na mimi siwezi kulikagua. Nimejaza fomu ya kujitoa kwenye ukaguzi wake."

Fundi aliifungua bahasha. Penye sababu ya kujitoa paliandikwa: Fundi huyu ni mchumba wangu.

"Mchumba? Nani kakwambia? Umeandika kabla hujaniuliza?"

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Fomu inatakiwa saa tisa." Aliinyoosha tai yake. "Utakubali?"

Fundi aliishika fomu dirishani, pale pale alipolikagua shati. Aliisoma neno kwa neno, taratibu, huku mkaguzi akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Mwandiko so-so," alisema hatimaye, akimrudishia. "Lakini sababu ni ya kweli. Kimbia, utachelewa."

Kisha akaizima simu yake, akakata kola mpya.