Boti Yenye Ilitaka Majina Matatu

Kahiga alikuwa ametoka Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, kununua grisi. Mkebe mmoja tu, lakini alitukana njia nzima. Alitukana duka, eti iko na sabuni za kila rangi na grisi haina. Alitukana wasichana wa mashamba ya maua waliokuwa wanarudi kwa vyumba vyao, wakinuka dawa ya kunyunyizia. Alitukana hata jua, sababu lilikuwa linaingia kabla hajamaliza kazi.

Huyo ndiye alikuwa Kahiga. Fundi wa matatu, mtoto wa Bondeni kule Nakuru, mdomo kama egzosi imetoboka. Kwake hakuna mtu alikuwa mtu. Aliyempa kazi ya kutengeneza boti yake, Kalasinga mwenye hardware pale town, alimwita Mdosi tu. Jina lake hakuwahi jisumbua kuuliza. Mwenye aliuza boti alikuwa Mzungu wa Maua. Jamaa aliyewasaidia kuvuta trela alikuwa Kichwa. Majina ya watu ni ya kazi gani? Si utawalisha.

Boti yenyewe sasa. Ilikuwa mzee, nyekundu iliyopauka kama shuka ya gesti. Haikuwa na propela nyuma kama boti za wavuvi. Hii ilikuwa inafyonza maji kwa tundu chini ya tumbo, impela, kama feni ya chuma, inayapiga ndani ya pampu, halafu inayatema nyuma kwa hasira mpaka inaruka. Impela ya zamani ilikuwa imelika meno. Kahiga alikuwa ameitoa mchana na kuweka mpya, ya stainless. Ilibaki tu kupaka bearing grisi na kujaribu. Jumapili Mdosi alikuwa analeta familia.

"Boti ni matatu ya maji," alikuwa anaambia watu. "Wajinga ndio wanaogopa."

Kwa gate ya ufuo alikaa mlinzi, mzee Kemboi, ndani ya koti lililomzidi. Ilikuwa 2007, mwaka wa kura, na mzee alikuwa amefunga kadi yake kwa plastiki na kuining'iniza shingoni.

"Mzee, hiyo ni nini? Medali?"

"Kadi ya kura, kijana."

Kahiga akaishika, akaisoma kwa sauti kama karani wa korti. "Kemboi Joel Kipkirui! Yaani majina yote haya ni ya mtu wa kufungua gate?"

Mzee hakucheka. Aliangalia mkebe wa grisi.

"Hiyo pampu achana nayo leo. Ngoja asubuhi."

"Kwa nini? Asubuhi itakuwa na meno kidogo?"

"Kuna kibarua aliingiza mkono hapo chini, kutoa magugu. Wakati wa yule Mzungu. Mtu akawasha injini." Kemboi akashusha sauti. "Ziwa lilimrudisha siku ya tatu. Hakuna mtu alijua anaitwa nani. Hata mimi, kwa kitabu yangu ya gate, nilikuwa nimeandika tu, kibarua mmoja. Alizikwa hivyo."

"Na sasa?"

"Giza ikikaribia, anauliza."

"Anauliza nini?"

Mzee akavuta koti. "Ukimskia, nyamaza."

"Stori za jaba, za watu wa miraa," Kahiga akasema, akaenda zake.

Trela ilikuwa imerudishwa nyuma mpaka mkia wa boti uko ndani ya maji. Kahiga akapanda, akapaka grisi, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Pampu ikavuta maji, ikatema. Safi kabisa. Akaiwacha kidogo, akazima, akaweka ufunguo mfukoni.

Halafu akafanya vile mafundi hufanya. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwa mwili wa pampu, mpini akaushika kwa sikio. Hivyo ndivyo unaskia kama bearing inalia. Na hapo, hata wenye walimchukia walikubali: sikio la Kahiga halikosei.

Injini ilikuwa imezimwa. Alitarajia kimya.

Akaskia pumzi.

Ndefu... ya kuingia. Akangoja itoke. Haikutoka. Ikaingia tena. Na tena. Kitu inavuta tu, haitoi.

Harufu ikapanda kutoka chini ya boti. Magugu yaliyooza, na ndani yake kama chuma kwa ulimi.

"Kiboko," akajiambia. Jioni viboko hutoka hapo. Lakini kiboko haingii kwa bisibisi.

Halafu kule ndani, karibu kabisa na sikio, sauti ikasema polepole:

"Jina."

Kisha akaona mchezo wote. Mzee! Mzee amejificha chini ya trela anamtisha mtu wa Bondeni! Akacheka kwa pua. Unataka jina? Chukua.

"Kemboi," akanong'onezea chuma.

"Na?"

"Joel."

"Na?"

"Kipkirui! Kula, ushibe!"

Pumzi ikakatika.

Kule gate kiti kikaanguka.

Kahiga akainua kichwa. Kemboi hakuwa chini ya trela. Alikuwa anakuja kutoka gate, anatembea kama mtu ametumwa. Rungu akalitupa njiani. Macho wazi, lakini ndani hakuna mwenyewe.

"Mzee, unaenda wapi? Mzee! Nilikuwa nacheza!"

Kemboi akaingia majini. Magoti. Kiuno. Kahiga akaruka chini, akashika koti kwa nguvu zake zote. Koti likabaki mikononi. Mzee akaendelea, akazunguka mkia wa boti pale kuna tundu la kufyonza, akainama, akaingiza mkono chini.

Injini bado imezimwa. Ufunguo uko mfukoni.

Impela ikaanza kuzunguka.

Kahiga akarudi juu mbio, bisibisi kwa pampu, sikio kwa mpini. "Mwachilie! Haikuwa serious!"

Pumzi tu. Ya kuingia.

"Chukua Mdosi!"

Kimya.

"Mzungu wa Maua! Kichwa! Yule makanga wa meno! Chukua Masharubu wa karakana!"

Kimya. Watu wote aliowadharau, alikuwa anawajua kwa matusi peke yake. Hakuna hata mmoja angemtaja akakamilika. Kichwani alikuwa na watu watatu tu wenye majina mazima. Mamake, aliye Mau Narok kwa viazi vyake. Dadake. Na yeye mwenyewe.

Kichwa cha mzee kikazama. Povu likapanda... kidogo... halafu kidogo zaidi.

"Samson," Kahiga akasema. Sauti haikuwa yake.

"Na?"

"Kahiga."

"Na?"

La tatu lilikuwa la marehemu babake. Lilikuwa limefika mbele ya meno. Akalimeza. Akauma ulimi mpaka akaskia damu.

Kile kitu kikangoja.

Na kikingoja, hakivuti. Impela ikasimama. Hapo ndipo Kahiga, mtu hajui kuogelea hata kwa karai, aliruka majini, akashika mzee kwa kola, akamburuta kwa magugu na matope mpaka kwa nyasi. Akamlaza kifudifudi, akamgonga mgongo. Mzee akatapika ziwa.

"Kemboi! Uko sawa? Mzee Kemboi!"

Mzee akamwangalia kwa upole sana.

"Kemboi ni nani?"

Kadi ilikuwa bado shingoni. Ndani ya plastiki, karatasi ilikuwa nyeupe, haina hata herufi moja. Labda ni maji yalifuta wino. Kahiga hakutaka kuchunguza. Alimwachia mzee koti lake, akakimbia mpaka barabara, akapanda lori la viazi, spana zote akaziacha.

Jumapili familia ya Mdosi iliruka na boti mchana kutwa. Walicheka, wakala sambusa, wakarudi nyumbani wakiwa wazima. Hakuna mtu aliitwa majina matatu.

Bondeni, Kahiga aliambia watu aliacha kazi sababu boti ni ushamba. Lakini kitambulisho alikishona ndani ya godoro. Bisibisi hakuiweka tena sikioni. Na alimpigia mamake simu, akamwambia asiwahi kumtaja marehemu baba mbele ya watu. Mahali popote.

Mama akauliza, "Umeanza kumwonea haya babako sasa?"

Kahiga akakata simu.

Wiki mbili zikapita. Siku ya Alhamisi alikuwa amelala chini ya matatu, juu ya katoni, anafungua gearbox. Jua linaingia. Simu ikalia. Namba hajui.

"Niko hapa kwa ziwa yako," mamake akasema. "Nimekutafuta."

Spana ikamtoka mkononi. "Mathe, mimi niko Nakuru! Nilitoka huko. Wewe pia toka hapo. Saa hii!"

"Usinifukuze kama kuku. Nimetoka Mau Narok na mabasi mawili kukuuliza uso kwa uso. Huyu mzee wa gate ana adabu kukushinda. Amenipa kiti. Amenipa hata simu yake."

"Mathe, skiza..."

"Anaandika kwa kitabu nimekuja kuona nani. Nimemwambia, Samson Kahiga. Anasema hayo anajua." Akamsikiza mtu kando. "Anasema, na?"

"Usiseme! Mathe, nakuomba, nakupigia magoti..."

"Mtu alikulipia karo na mgongo wake, na wewe unamficha kama ugonjwa? Mimi sina haya." Akageuza mdomo kutoka kwa simu, lakini huyo ni mama wa kuita watu kutoka shamba la pili. Kila mtu ufuoni alimskia.

"Nderitu! Mwandike vizuri. Samson Kahiga Nderitu!"

Simu haikukatika. Ilinyamaza. Halafu ndani yake ikaja pumzi moja ndefu.

Ya kuingia.

"Mathe?"

Mwanafunzi wa karakana alikuwa anamwita kutoka mbali, "Fundi! Fundi, gearbox umeiacha wazi!"

Kahiga akaangalia chini. Hakuwa chini ya matatu. Hakuwa hata Bondeni. Alikuwa peku kando ya barabara kuu, mikono imejaa oil, malori yakimpita kwa upepo, na miguu yake ilikuwa tayari imeanza kuelekea Naivasha.