Tarumbeta la Mzee Aminieli

Ijumaa asubuhi, jubilei ya usharika ikiwa keshokutwa, kabati la bendi lilikutwa wazi na tarumbeta la Mzee Aminieli halimo. Kufuli halikuvunjwa. Ilipofika saa nne, mteremko ule wote wa Meru ulishamjua mwizi, isipokuwa Koplo Vaileth, ambaye ndiye aliyelipwa mshahara wa kumjua.

"Ni Simel," alisema bosi wake, Inspekta Frederick. "Alifukuzwa kwenye bendi na ufunguo hajarudisha. Saa hizi limeshauzwa chuma chakavu huko mjini."

Vaileth alichungulia kabatini. Yale matarumbeta makubwa ya kubebwa begani yalikuwa palepale, yanang'aa.

"Afande, chuma chakavu kinapimwa kwa kilo. Mbona kaacha makubwa, kachukua dogo kuliko yote?"

"Usharika mzima useme hivi, wewe useme vile?" Inspekta alicheka. "Saa kumi nampeleka mahabusu Arusha."

Maneno hayo yalimchoma Vaileth. Alikuwa mgeni katika upelelezi. Labda kweli alikuwa anajifanya mjuaji. Hata hivyo alimfuata Simel, kijana fundi wa kuchomelea, aliyekaa na pingu ofisini kwa mchungaji.

"Walikufukuza kwa nini?"

"Mazoezini nilisema Mzee akipiga siku hizi, pumzi inavuja. Wenzangu wakasema wao hawasikii kitu, mimi sina adabu." Simel aliinamisha kichwa. "Labda sikusikia vizuri."

Nyumba ya Mzee Aminieli, kiongozi wa bendi tangu ujana wake, ilikuwa jirani na kanisa. Vaileth aliwaamkia wenye nyumba. Mama Fransiska, mke wa Mzee, alimpa mgeni hindi la kuchoma na mumewe bakuli la mtori, supu laini ya ndizi. Mzee alizungumza ameziba mdomo kwa leso.

"Mafua," alisema.

"Pole, baba. Na wewe mama, umeamkaje?"

"Nachelewa kuamka siku hizi, mwanangu. Miaka yote saa yangu ilikuwa tarumbeta la huyu, alfajiri, pale kanisani. Tangu bodaboda imwangushe, mwezi wa pili huu, halisikiki tena alfajiri."

Mzee alimtupia mkewe jicho. Vaileth aliacha kutafuna.

Aliporudi na kueleza anachodhani, Inspekta alimwambia aone aibu. Mchungaji alitikisa kichwa kwa masikitiko. Vaileth aliogopa, tena sana, lakini kila alipojaribu kukubaliana nao, yale matarumbeta makubwa yalimrudia machoni. Aliomba jambo moja tu: Mzee aitwe kabla gari halijaondoka.

Mzee alipoingia ofisini, Vaileth alimkabidhi tarumbeta aliloazima kutoka usharika wa jirani.

"Jubilei haitaharibika, baba. Tupigie ubeti mmoja wa kujaribu."

Mzee alilinyanyua, lakini halikufika mdomoni. Mlangoni Simel alisimama kati ya askari wawili. Mzee alimtazama, akaliweka tarumbeta mezani, akatoa leso na kutemea humo meno ya bandia, yale ya mbele.

"Kwa haya sipigi kitu," alisema, sauti ikipwaya. "Langu liko bandani kwa ng'ombe, chini ya majani makavu ya migomba. Kanisa lingejaa, halafu mimi nitoe upepo mtupu? Nikaona bora lionekane limeibwa."

"Na Simel?" Hasira ilimpanda Vaileth. "Ungemwacha afungwe?"

"Nilisikia wanamtaja, nikanyamaza. Walishakubaliana wote. Ikawa rahisi."

Inspekta Frederick alikohoa, akapapasa mfuko kutafuta ufunguo, akamfungua Simel pingu kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee alilichukua lile tarumbeta la kuazima na kumwekea kijana mikononi.

"Jumapili utapiga wewe. Siku ile ulisikia vizuri, mwanangu," alisema. "Hata wao walisikia."