Mama, Usitikisike

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimewapigia polisi picha za maiti, nimepiga harusi za watu waliokuwa hawasemeshani, na jioni nikala vizuri nikalala. Kwa hiyo ukiniona siku hizi nawasha taa zote kabla jua halijazama, usinicheke. Nisikilize kwanza.

Siku hiyo nilitoka dukani magharibi na kamera ya kuazima mkobani. Nilikuwa nimepata kazi kwenye ukumbi wa maigizo, mahali ambapo flashi ni marufuku, na kamera yangu ya miaka minane ukiilazimisha kuona gizani inajaza picha chenga tupu. Mwenye duka akanipa mpya niijaribu. Kesho yake asubuhi nimwambie naichukua au naiacha.

Mimi nikijaribu kitu nakijaribu sawasawa, hilo hata wanaonichukia wanakubali. Stendi moja, lenzi moja, chumba kimoja, na mtu mmoja akae bila kusogea. Nikamwita mama, ambaye anaishi na mimi, aje studio kwangu. Uso wake ni mweusi tii na kitambaa chake cha kichwani ni cheupe pe. Kamera itakayobeba ule weupe bila kuuunguza, na wakati huohuo ikanionyesha kilichomo gizani nyuma yake, basi hiyo ndiyo kamera.

Mama akanung'unika kwamba amezaa watoto watano na ni mimi peke yangu ninayetaka kumgeuza sanamu. Nikamkalisha kwenye stuli, kona ya ndani kabisa ya studio. Nikazima swichi kuu ya ukutani. Dirishani kulibaki mwanga kidogo wa jioni.

"Mama, usitikisike," nikamwambia. "Hata pua ikikuwasha. Ukisogea tu, naanza upya."

"Haya, bosi."

Nikaanza na kamera yangu. Picha tano, na kila picha naipandisha ISO maradufu, yaani nailazimisha kuona gizani zaidi na zaidi. Sikuziangalia. Nikaitoa, nikafunga ile mpya, nikaiunganisha kwa waya na kompyuta ili kila picha ifunguke palepale.

Ya kwanza ilitoka safi. Kwenye kompyuta nikaangaza sehemu za giza tu, nikauona ukuta nyuma ya mama, na ufa wake, na msumari wake. Kitambaa hakikuungua. Nilifurahi, sikufichi.

Ya pili. Kando ya msumari palikuwa na kitu cheusi, kirefu. Nikadhani ni koti langu nimelitundika.

Ya tatu... koti langu nilikuwa nimelivaa.

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Harufu ya nguo zilizolowa zikasahauliwa ndani ya beseni. Nikainua macho kutoka kwenye kompyuta nikatazama kona. Niliona kitambaa cheupe cha mama tu, kimetulia.

Nikabonyeza ya nne.

Alikuwa mtu. Ameinama, shingo ndefu, hatua moja nyuma ya mama. Picha nzima ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu nyuzi za kitambaa. Uso wake tu ndio uliokuwa chenga.

Na mimi, mjinga mimi, nikafanya kile anachofanya mpiga picha yeyote asipoamini alichokiona. Nikarudia. ISO ileile, kila kitu kilekile, ili nipate uhakika.

Mkono ulikuwa begani kwa mama.

Nikaelewa. Kila nikibonyeza, anasogea. Macho yangu hayawezi kumwona bila kamera, na kamera ndiyo inayomleta. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe. Nikakiondoa polepole.

"Mama," nikanong'ona.

"Mmh."

"Inuka. Njoo kwangu."

Kisha sauti yake, ndogo mno.

"Ulisema nisitikisike. Na huyu naye amesema hivyohivyo."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na wazo la kwanza lilikuwa kukimbilia mlangoni peke yangu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Lakini yule ni mama yangu, na mimi ndiye niliyemkalisha pale. Nikatembea gizani kuelekea kona. Hatua sita. Kwenye ya tano harufu ilinijaa mdomoni. Kwenye ya sita nikasikia mtu anapumua juu ya kichwa changu, na mama ni mfupi, tena alikuwa amekaa.

Nikampapasa mama mkono, nikamvuta kwa nguvu zote. Stuli ikaanguka. Hatukusimama mpaka barazani, ambako fundi cherehani wa jirani alikuwa anafunga duka lake. Akatuuliza kama kuna moto.

Usiku huohuo nikampigia simu mzee aliyeniachia ile studio alipostaafu. Nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu: mama alikaa pale muda gani bila kutikisika? Nikamwambia kama dakika ishirini.

"Mimi sikuwahi kumwacha mteja atulie kwenye kona ile," akasema. "Nilikuwa nawachekesha, nawaambia wageuke, wainue kidevu. Wakadhani mimi ni mcheshi. Simjui ni nani, mwanangu. Ninachojua ni kwamba humwendea mtu aliyetulia."

Akakata simu. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Kamera mpya niliirudisha. Mwenye duka akaniuliza ipi ni bora nikamwambia yake, bila ubishi. Kisha nikafungua zile picha tano za kamera yangu. Chenga, mwanzo hadi mwisho. Huenda alikuwemo. Huenda alikuwemo miaka yote minane nyuma ya bibi harusi na watoto wa shule, na mimi sikuwa na kitu cha kumwonea.

Studio nimeifunga. Nilidhani yameisha, mpaka siku ya tatu, mama alipoanza kusinzia sebuleni na ile harufu ikaingia.

Mtu akilala, hutulia.

Tangu hapo simwachi. Nakaa naye kwenye kochi, mkono wangu begani kwake, akisinzia tu namtikisa. Macho yake yamekuwa mekundu, chakula hataki. Juzi aliniuliza, bila hasira, "Nitatikisika mpaka lini, mwanangu?" Nililia mbele yake, yeye ndiye akanibembeleza.

Jana jioni, kabla sijawasha taa, nilishindwa. Siku tano sijalala. Macho yakafumba, sijui dakika ngapi. Nilipozinduka chumba kilikuwa kimeingiwa na giza. Mama alikuwa amelala kando yangu, mdomo wazi, na bega lake lilikuwa linatikiswa. Polepole... kwa upole, kama ninavyomtikisa mimi.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani mwangu.