Picha ya Nyonga za Shaba

"Bado hujamtoa tu?" Sauti ya mchumba wangu ilikuwa kali kwenye simu. "Dume amefika kona ya pili. Msafishe Shaba, mlete uani."

"Namsafisha," nikasema.

Uongo. Nilikuwa nimesimama dirishani na picha ya eksirei mkononi.

Mwenye dume, mama mmoja asiyecheka na mtu, hakubali mbwa wake ampande jike yeyote bila picha ya nyonga. Mchumba wangu alikuwa ameniambia niitoe kabatini. Nikaitazama, basi tu. Nyonga sizijui, mimi niliishia la saba. Lakini mkia wa Shaba naujua. Alipokuwa mdogo nilimbana na geti, ukavunjika karibu na kiuno, ukaunga na kifundo. Bendeji nilimfunga mimi. Kwenye picha, mkia ulikuwa umenyooka kama rula.

Nikampigia daktari wa mifugo.

"Daktari, Shaba ulimpiga picha?"

Nikamsikia akifungua faili.

"Dada, kwani mwenzako hakukwambia? Nyonga zake zimelegea. Akibeba mimba atateseka, na watoto watarithi. Nilisema asizae kabisa."

Ujumbe ukaingia: "Mke wangu mtarajiwa, mbona kimya? Tuko getini. Weka ile picha mezani."

Nikisema, harusi hakuna. Alishamwahidi baba yangu kwamba pesa za kuuza watoto wa Shaba ndizo zitakazotuoza. Nisiposema... Shaba alikuwa ananilamba kidole gumba, hana habari. Nikaingia naye bandani, nikafunga kwa ndani.

Nikasikia nyayo. Kwanza za mchumba wangu, kisha viatu vya yule mama, kisha kucha za dume kwenye saruji.

"Fungua."

"Sifungui."

"Umepatwa na nini wewe? Kuna mgeni hapa!" Akaleta mdomo kwenye upenyo, akanong'ona. "Mpenzi, usiniaibishe. Miaka mitatu nimelisha, nimechanja, nimelipia vipimo. Unajua nimezika nini kwa huyu mbwa?"

"Najua, nilikuwepo. Picha ni ya nani?"

Akaondoa mdomo kwenye upenyo.

"Picha ipi tena?" yule mama akauliza.

"Aah, wanawake bwana," akacheka kicheko kikavu. "Tumegombana asubuhi, ndiyo ananinunia."

"Sijagombana na mtu," nikasema. Sijawahi kuogopa vile. "Mama, muulize yeye. Asipokujibu nitakujibu mimi, na pete yake nitamrudishia hapahapa."

"Kijana," mama akasema taratibu, "mimi nina dume mmoja na jina moja. Hiyo picha ni ya mbwa huyu?"

Nilimwona mchumba wangu kupitia upenyo. Jasho lilimtiririka. Akainua mkono kuelekea mlangoni, nikafumba macho nikijua anauvunja. Kumbe aliweka kiganja tu.

"Si yake," akasema. "Ni ya mbwa wa mtu mwingine. Ya Shaba niliichana."

Yule mama akavuta kamba ya dume.

"Ungeniambia kwenye simu, ningekupa pole. Sasa nakupa mgongo."

Geti likabamizwa. Nilipofungua banda, nilimkuta mchumba wangu amekaa chini, macho mekundu.

"Niliogopa," akasema. "Baba yako angeniona sina lolote. Ungeniacha."

"Leo ndiyo nilikuwa nakuacha."

"Na sasa?"

Nikaokota simu yake sakafuni, nikamnyooshea. Watu wanne walikuwa wanasubiri kununua watoto wa Shaba. Mmoja alishajenga hadi banda.

Akampigia wa kwanza. Akataja jina lake, akataja kosa lake, hakuzunguka. Matusi ya upande wa pili niliyasikia yote. Alipokata, akaniangalia kama mtoto anayesubiri fimbo.

"Umenisamehe?"

Nikakaa chini kando yake, bega likagusa bega.

"Piga ya pili," nikasema.