Bibi Arusi wa Banda la Mapipa

"Mpiga picha haji, Kafedha."

Gershom aliyasema hayo akiwa amesimama nje ya banda, kofia mkononi, macho yameganda kwenye viatu vyake vipya. Ndani watu walikuwa wameshaketi. Padri Kaviha alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe. Kafedha, bibi arusi mwenyewe, alikuwa amefika mlangoni, shela kichwani, amemshika baba yake mkono, akingoja tu wimbo uanze.

"Haji vipi? Amepatwa na nini?"

"Hakupatwa na kitu."

"Basi yuko njiani. Unajua pale Makupa siku hizi motokaa zinavyobanana..."

"Hayuko njiani. Mimi ndiye niliyemwambia asije."

Kafedha aliuachia mkono wa baba yake.

Hii ilikuwa Magongo, kule Changamwe, mwaka wa arubaini na saba. Mvua za masika zilikuwa zimeezua paa la kanisa, na waumini wakapewa banda moja kuukuu ambalo jeshi lilikuwa limeliacha vita vilipokwisha. Lilikuwa banda refu la mabati, halina dirisha hata moja, mlango wake mpana kiasi cha kuingia lori. Ukutani kutu, pembeni mapipa ya lami yaliyopangwa hadi juu, na harufu ya mafuta isiyotoka hata upige deki mara ngapi. Gershom alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, amerudi kutoka Burma, sasa akifanya kazi bandarini. Siku zote alikuwa amemwahidi Kafedha arusi kubwa kisiwani Mombasa. Tangu Padri aliposema kila mtu atafunga ndoa pale anaposali, bwana arusi huyu alikuwa akitembea na uso wa mtu mwenye jino bovu.

"Ulimwambia lini?" Kafedha aliuliza.

"Jumatano. Nilipita kwake Majengo nikitoka kazini."

"Na jana ukanitazama usoni ukaniambia kila kitu kiko tayari."

"Kafedha, hebu geuka uone!" Gershom alinyoosha mkono. "Ona kutu ile. Ona mapipa. Mimi nimebeba mapipa kama hayo Burma mpaka mabega yakatoka sugu. Leo siku ya arusi yangu nipigwe picha nayo? Huyo mpiga picha, Dishon, nilikuwa naye jeshini, ananijua, angenicheka. Nikasema tuoane, halafu mwezi ujao nikupeleke studio ya mjini. Wana pazia limechorwa bustani na ngazi za marumaru. Mtu akiiona picha asijue tulioania wapi."

"Mimi nataka ajue."

"Ajue nini? Kwamba nilikuoa stoo?"

Kafedha alitazama kama baba yake yuko karibu. Mzee Ngowa alikuwa amejisogeza kando kwa heshima, anajifanya anakagua mlango. Bibi arusi akashusha sauti.

"Unajua kitu gani kilinipata mwaka wa pili ulipokuwa vitani? Siku moja nilikuwa nasonga ugali, nikataka kukukumbuka. Nikaanza na macho, nikayapata. Nikaja mdomo, nikaupata. Nikaja pua, ikanipotea. Nikaitafuta, haikuja. Niliuacha ugali motoni nikakimbia mpaka kwa mama yako, nikaketi namtazama, nipate japo pua yako usoni kwake."

Gershom alijigusa pua.

"Hatukuwa na picha hata moja. Watu wakaja wakaniambia umekufa, nami sikuwa na uso wa kuulilia. Na siku uliporudi, pale stesheni, nilimkimbilia mwanajeshi mwingine. Wewe ukacheka, ukadhani natania."

"Hukuwa unatania?"

"Wallahi sikuwa natania. Nilikuwa sikujui."

Kofia ilimwanguka Gershom. Hakuiokota.

"Sasa sitaki bustani ya kuchorwa," Kafedha akaendelea. "Nataka uso wako wa leo. Na wangu wa leo. Na wa baba aliyetoka Rabai kwa miguu. Banda likiwa baya, na liwe baya."

"Nifanye nini?"

"Nenda ukamlete."

"Sasa hivi? Na Padri?"

"Padri nitamwambia mimi. Wewe nenda, nitakungoja. Nimeshazoea kukungoja."

Gershom aligeuka, akaikamata baiskeli ya kwanza aliyoiona ukutani, akaziingiza ncha za suruali kwenye soksi, akaondoka mbio. Tai yake ilipepea begani. Watu waliokuwa karibu na mlango walisimama kuchungulia, na mnong'ono ukapita ndani ya banda kutoka kiti hadi kiti.

"Bwana arusi kakimbia!"

Mama Kache, mamake Gershom, alitoka nje kwa hasira, leso mpya imemshuka begani.

"Mwanangu anakwenda wapi?"

"Nimemtuma, mama."

"Umemtuma? Siku ya arusi? Kabla hata hujaingia nyumbani kwake?"

"Kamfuata mpiga picha."

"Picha! Wali unapoa kwa ajili ya picha? Mimi tangu mwanzo nilisema mngoje Krismasi, kanisa liezekwe. Sasa tazama aibu hii. Na picha yenyewe ya nini, ya mapipa?"

Kafedha alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake akamweleza, maneno yaleyale aliyomwambia Gershom: ugali, macho, mdomo, na pua iliyopotea. Mama Kache alisikiliza mkono kiunoni. Mkono ule ukashuka polepole.

"Kumbe ndiyo sababu," alisema. "Ulikuwa ukija, unaketi, unanikodolea macho. Nilidhani unanichunguza kama ninalia."

"Nilikuwa naitafuta pua yake, mama. Nisamehe."

Mama Kache alicheka, na kicheko hicho kikageuka kilio palepale. Akajifuta kwa ncha ya leso.

"Mimi ilinipotea sauti yake," alisema. "Nimemzaa mwenyewe, na sauti ikanipotea. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, mimi mama?"

Wakashikana. Kisha mama huyo akageukia banda na kupaza sauti ambayo hata waliokuwa jikoni nyuma waliisikia.

"Hakuna mtu kuondoka hapa! Wali utangoja! Imbeni!"

Padri Kaviha alikuja mlangoni, miwani puani.

"Mwanangu Kafedha, nitangoja. Lakini ndoa sharti ifungwe mchana kweupe. Jua likikaribia kutua, nitafunga kitabu hadi wiki ijayo."

"Atarudi, Padri."

"Na iwe hivyo."

Nyimbo ziliimbwa, zikarudiwa, zikachosha. Wanawake wakapata wazo la kulipamba banda. Wakavua leso, wakazitandaza juu ya mapipa, nyekundu, manjano, za maua, za madoadoa. Mama Kache alirudi nyuma akatazama kazi yao.

"Toeni," alisema. "Mwanzo lilikuwa stoo. Sasa ni stoo iliyofua nguo."

Watu wakacheka, leso zikarudi mabegani. Lakini kicheko hakikudumu. Jua lilianza kulegea. Mmoja mmoja wakaanza kutazamana. Pascalia, mke wa karani mmoja, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisikika kutoka viti vya nyuma.

"Mimi nimeona mengi. Mwanamume akipewa baiskeli siku ya arusi, harudi."

Kafedha alisikia. Akamwona Gershom barabarani ameanguka. Akamwona ameketi Majengo anakunywa chai na Dishon, amefurahi kuponea chupuchupu. Miaka ile yote alikuwa amengoja bila kuonekana, lakini leo alikuwa akingoja mbele ya kanisa zima, na gauni jeupe mwilini. Akatoka alipokuwa amekaa, akaenda akasimama peke yake katikati ya mlango, macho barabarani. Akaapa moyoni kwamba hatalia kabla ya Padri kufunga kitabu.

Kengele ya baiskeli ikalia.

Ilikuwa inapanda kwa shida. Gershom alikuwa juu, jasho linamtiririka, tope limemruka mpaka kifuani. Nyuma yake kwenye keria alikuwa Dishon, amekunja uso, amekumbatia kamera kama mtu aliyeokoa mtoto motoni, miguu mitatu ya kamera imefungwa mgongoni.

"Kaja! Kaja!" watu walipiga kelele.

Gershom alifika uwanjani, akaweka mguu chini. Hakuja. Alisimama pale, mdomo wazi kidogo, anamtazama Kafedha.

"Mbona umesimama?" Kafedha aliita. "Padri anangoja!"

"Silioni banda," Gershom alisema.

"Unasemaje?"

"Banda. Silioni. Nakuona wewe tu."

Dishon alikuwa ameteremka, analalamika mgongo wake, analalamika watu wasiojua wanachotaka. Akainua kichwa kutazama mlangoni. Akanyamaza.

"Bibi arusi!" alisema ghafla. "Usisogee! Hata kidole usisogeze!"

Nyuma ya Kafedha kulikuwa na giza la banda lisilo na dirisha, na giza hilo lilikuwa limemeza kila kitu, mapipa, kutu, ukuta. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa mchanga mweupe, na mwanga wa alasiri ulikuwa unagonga mchanga na kumrudia usoni kwa upole, ukapenya shela, ukamwonyesha kila kitu, hata unyevu wa machozi aliyoyazuia.

"Mjini tunaning'iniza mapazia meusi tupate weusi kama huu," Dishon alisema huku akifungua miguu ya kamera, hasira zimemwisha. "Hatuupati. Gershom, ulinificha hiki?"

"Sikukijua."

"Padri, samahani, hii ndoa haiwezi kufungwa hapa mlangoni?"

Padri Kaviha alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Maadamu wako ndani ya kizingiti," alisema, "wako kanisani."

Viti vikageuzwa. Mzee Ngowa akamkabidhi binti yake. Gershom alijaribu kujipangusa tope, Kafedha akamshika mkono.

"Liache. Umelipata kwa ajili yangu."

Wakaulizwa, wakaitika. Gershom alipojibu sauti yake ilipasuka, na Mama Kache akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, Padri akamwachia. Dishon aliingia chini ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akaingia. Akawapiga picha wawili, akawapiga na Mzee Ngowa, akawapiga na Mama Kache, ambaye alikataa katakata kufunga mdomo kwa sababu, alisema, anaimba.

"Bwana arusi, tazama huku!" Dishon aliamuru.

"Geuka kidogo," Kafedha alimnong'oneza mumewe. "Nataka na pua."

Picha zilipotoka, Mama Kache alizichukua kwanza. Akaingia nazo sokoni Magongo, zimefungwa kwenye leso safi, na hakumruhusu mtu kuzigusa kwa vidole. Hata Pascalia alisukumana na wenzake apate kuona.

"Hii studio gani?" Pascalia aliuliza. "Hii si ya Mombasa. Hii ya Nairobi."

"Ni pale unaposali kila Jumapili," Mama Kache alimjibu, "ukiacha kusengenya."

Habari zikavuka Makupa hadi kisiwani. Dishon aliitundika moja kibandani kwake Majengo, na maarusi wakaanza kuuliza. Kanisa lilipoezekwa, wazee wakataka banda livunjwe mabati yauzwe. Padri akawaambia wangoje, kuna arusi Jumamosi, na Jumamosi inayofuata kuna nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ya binti mmoja wa kisiwani, Jael, aliyeletwa kwa motokaa yenye maua. Mlango wa gari ulipofunguliwa akaona kutu, akaona mapipa, akaurudisha mguu ndani.

"Hapa? Nilidanganywa!"

Kafedha, na mimba yake ya kwanza imeshaanza kuonekana, alikwenda akamshika mkono.

"Shuka, dada. Hukudanganywa. Simama hapa mlangoni. Inua kidevu. Sasa mtazame mumeo, yule pale anakuja."

Jael akamtazama mumewe. Uso wake ukalegea, ukafunguka.

"Dishon!" Kafedha akaita. "Mpige sasa!"