Kidole cha Mkunga

Kila asubuhi, kabla ya chai, mkunga mstaafu aliubonyeza mguu wa mkwewe kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alihesabu mpaka tano, akaachia. Pakibaki shimo, kuna uvimbe, na penye uvimbe kuna presha. Ndivyo alivyofundishwa alipoanza kazi. Miaka thelathini alikitegemea kidole hicho.

"Hakuna shimo," alisema asubuhi ile. "Miguu kama ya twiga!"

Mkwewe hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, mwenye mimba ya miezi minane. Kazi ilikuwa mbele yake, lakini alikuwa amelaza paji la uso kwenye meza ya cherehani.

"Mama, kichwa kinanigonga tangu juzi. Hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi. Naona vimulimuli."

"Unakodoa macho mno na hizo nguo za watu. Kunywa maji, ulale."

"Leo ni siku yangu ya kliniki."

"Utaenda wiki ijayo. Wakupime nini ambacho mimi sijapima? Nimezalisha nusu ya mtaa huu, mwanangu. Presha ya mimba huanzia miguuni."

Hilo la nusu ya mtaa lilikuwa kweli, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Isipokuwa mwanawe. Alikuwa fundi wa matairi, na alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu.

"Mama, wateja wangu hulipiga tairi teke, wakasema limejaa. Nikiweka geji, nakuta upepo hautoshi. Presha ya tairi haionekani kwa macho. Ya mtu itaonekanaje?"

"Leo unanifananisha na wateja wako?"

"Hasha, mama. Nampeleka mke wangu kliniki tu. Twende wote, ukawasute wakikosea."

Mama alijifunga kanga, akaenda. Alikwenda kusuta kweli.

Mkunga wa kliniki alikuwa mdogo kwa umri, tena mpole. Alimkalisha mgonjwa kitini, akamwacha apumzike kidogo. Kisha akaulaza mkono wake mezani, akaufunga kitambaa cha kipimo. Alisoma, akaandika. Baada ya dakika chache akapima tena.

"Mia na sabini kwa mia na kumi na mbili," alisema. "Kwa mjamzito, tunataka isifike mia na arobaini kwa tisini."

Akapima na mkojo. Kijikaratasi kiligeuka rangi. Mkojo ulikuwa na protini nyingi.

"Lakini hana uvimbe!" mkunga mstaafu alisema. "Nimembonyeza leo leo."

"Shikamoo yako iko palepale, mama, lakini hapo uvimbe unatudanganya. Wengi huvimba miguu, na presha yao ni nzuri. Wengine presha imepanda, na miguu haina kitu. Wengine hata kichwa hakiwaumi. Ndiyo maana tunapima kila hudhurio. Halafu tunauliza: kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu au vimulimuli? Tumbo linauma juu, chini ya mbavu? Huyu ameniambia ana dalili mbili, kichwa na macho. Tukichelewa, anaweza kupata kifafa cha mimba."

Mkunga mstaafu alikaa chini. Alikuwa amemkumbuka mjamzito mmoja wa zamani, mwembamba, aliyelalamikia kichwa siku mbili. Alimbonyeza, hakukuta shimo, akamrudisha nyumbani. Mama yule alishikwa na degedege asubuhi iliyofuata, akafa na mtoto tumboni. Miaka yote hiyo yeye alijiambia ni malaria iliyopanda kichwani. Sasa alijua. Aliona haya, na aliogopa.

"Mchome sindano," alisema kwa sauti ndogo. "Mchome upesi, mwanangu."

Fundi cherehani alichomwa sindano ya kuzuia kifafa, akapewa dawa ya kushusha presha. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa. Daktari alisema dawa hutuliza tu. Kinachomaliza ugonjwa ni kuzaa. Kesho yake akajifungua mtoto wa kike, mdogo, lakini mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Fundi cherehani aliendelea kupimwa presha hata baada ya kuzaa, maana kifafa kinaweza kuja hata wakati huo. Presha ilichukua wiki tano kurudi sawa.

Siku moja mjamzito wa nyumba ya pili alikuja kumwona mtoto. Alikaa, akanyoosha mguu kama wajawazito wa mtaa walivyozoea.

"Nibonyeze, bibi, nijue kama niko salama."

Mkunga mstaafu alikuwa amempakata mjukuu. Hakuutazama ule mguu.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Macho je? Hapa chini ya mbavu?"

"Sina tatizo lolote. Kliniki nilikuwa niende jana, nikaona uvivu. Hunibonyezi?"

"Kidole kimestaafu," alisema, akamrudisha mtoto kwa mama yake. "Chukua kadi yako, twende."